Mwezi Ukidai Mshahara

Mniwie radhi, hii nitaisimulia ovyo. Nilifika kijiweni nikiwa nimetumwa, tena mbiombio, ila birika lilikuwa linafuka, na bosi wangu wa kweli ni pua. Nikajibana benchini kati ya Spana, fundi magari, na Mama Sindano, mshonaji. Waziri, mstaafu asiyewahi kuona wizara hata dirishani, alishapandwa na jazba. Habari yenyewe: binti wa Mzee Birika, muuza kahawa wetu, ndiye aliyeunda programu inayopanga foleni za wagonjwa zahanati zote za mji. Ni ya bure, tena iko wazi: yeyote aichukue, aifungue, airekebishe. Lakini ikikorofisha, anayehangaika ni yeye, bila senti. Sasa kapata kazi mbali. Halmashauri isipomlipa aitunze, anaondoka.

— Cha bure unakilipiaje? akafoka Waziri. Leo binti, kesho mwezi utadai mshahara!

— Na likizo, nikachochea.

— Halafu ugome, tukae gizani!

— Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, akadakia Spana. Vimeshaundwa! Malipo ya nini tena?

— Kwani wewe gari ukishalitengeneza halirudi? akauliza Mama Sindano.

— Yangu hurudi kunisalimia tu.

Mzee Birika akamimina kahawa. Kikombe changu kikafurika. Mzee yule hajawahi kumwaga tone.

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji! Waziri hakukoma. Mlipeni aitie maji programu, kompyuta zishike kutu, wenye kuumwa meno waitwe wodi ya wazazi!

— Heri wao, akasema Spana, hawatatoka mikono mitupu.

— Chekeni, akasema Mama Sindano. Siku ile ilipozima, si mlipigana viwiko pale mlangoni pa zahanati? Nani aliiwasha?

Spana akakuna kichwa.

— Yule mtoto. Basi alipwe, bwana. Nitakwenda kwenye kikao cha halmashauri kumsemea.

— Sote twende, akasema Mama Sindano.

— Hata mimi, akasema Waziri. Kupinga! Kikao lini?

— Nilikuwa na neno kuhusu hilo, nikasema. Ila kwanza niongezee, Mzee.

Hapo binti akavuka barabara, akitokea jengo la halmashauri, faili kwapani.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu!

— Kikao kimefungwa. Hakusimama mwananchi hata mmoja kunisemea, hoja ikaanguka. Kesho nasafiri. Nanyi mko hapa, hatua chache tu. Kwani hamkuitwa?

Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi. Mzee Birika akaninyang'anya kikombe, kikiwa bado kimejaa.

Maana tarishi wa halmashauri, aliyetumwa kuja kuwaita, ni mimi.