Redio ya Kopo la Asali

Ukitoka stesheni ya Tabora ukiifuata barabara ya sokoni, miaka ile watu walipokuwa wakihamishiwa vijijini na sukari ikipangiwa foleni, ungekuta taruma kuukuu la reli limelazwa juu ya mawe kama benchi mbele ya kibanda cha Lukumani, fundi baiskeli. Hapo ndipo palipokuwa kijiwe cha Spoku, na Spoku ndiye Lukumani mwenyewe. Ikifika alasiri, Thabit muuza kahawa alitua birika lake hapo, vikombe vikagongana, ubishi ukaanza. Lukumani aliupenda ubishi ule kuliko chakula. Tangu mkewe Tatu afariki, nyumbani kwake hapakuwa na mtu wa kumwambia "si kweli."

Lakini mwezi ule taruma lilikuwa limeanza kubaki na nafasi. Mtaa wa Isevya kulikuwa na kijiwe kingine kilichopata redio, na watu walikuwa wakihamia huko mmoja mmoja, wengine bila hata kuaga. Jumatano hiyo Thabit akasema wazi kwamba Jumamosi kuna mpira Dar es Salaam, na birika lake litakuwa pale penye redio.

Lukumani aliinuka. Aliingia kibandani, akatoka na kopo la asali aliloletewa na shemeji yake wa Sikonge, akaliweka katikati ya taruma.

— Redio hiyo hapo, alisema.

Thabit akachungulia ndani ya kopo.

— Mbona haisemi?

— Acha mzaha. Humaidi, yule fundi redio wa sokoni, ana lundo la redio zilizokufa. Nikimpa kopo hili ananiruhusu nichague vipuri vitatu. Nachagua, naunda ya kwetu. Sasa nipeni akili, nichukue vipuri gani?

Hilo lilikuwa kosa. Kijiweni pale hakuna aliyewahi kuombwa akili akazitoa kidogo.

Wa kwanza alikuwa Damas, mjumbe wa nyumba kumi, aliyeitwa Azimio kwa sababu hakuweza kuomba hata maji bila kuhutubia. Alichovya kidole kwenye asali, akasema anakagua ubora.

— Ndugu Spoku, cha kwanza ni sanduku. Sanduku kubwa, la mbao, lenye kitambaa mbele. Mtu wa Isevya akipita aone kwamba na sisi tumeendelea.

— Na ndani?

— Ndani atajuaje?

— Cha kwanza ni spika! alidakia Thabit. Mteja haoni sanduku akiwa mbali, anasikia. Tena chukua mbili. Moja ituelekee sisi, moja tuielekeze Isevya, wakose raha.

— Spika mbili halafu kipuri kimoja tu ndani? Lukumani aliuliza. Itasemaje?

— Itasema kwa sauti kubwa.

Lukumani alikuna kichwa. Yeye alikuwa amefikiria transista nzima, spika moja, na ile koili ya kunasia mawimbi. Lakini hapo hapakuwa na mawe ya betri, na dukani betri zilikuwa hazionekani tangu masika. Ndipo akakumbuka kazi yake.

— Umeme nitautoa kwenye baiskeli, alisema. Nina dainamo. Mtu anakanyaga pedeli, redio inaimba.

Vichwa vikatikiswa kwa heshima. Halafu Thabit akaharibu.

— Mpira ni dakika tisini. Atakanyaga nani?

— Tutapanga zamu! Damas alisimama. Kila nyumba itoe mtu mmoja. Huku ndiko kujitegemea kwenyewe.

— Na akichoka wakati wa penalti?

— Penalti itasubiri.

— Itasubiri Dar es Salaam, kwa sababu mtu amechoka Tabora?

— Ndugu Thabit, usivunje watu moyo.

Wakati wote huo Mzee Nabhan alikuwa akinywa kahawa yake. Alikuwa amestaafu reli. Watu walimwita Stesheni Masta, ingawa kazi yake miaka yote ilikuwa kupeperusha bendera, na yeye hakuwahi kuwasahihisha. Aliposhusha kikombe, wote waligeuka.

— Nyinyi watoto mnapoteza asali, alisema. Redio iko wapi?

— Dar es Salaam, mzee.

— Na reli inaanzia wapi?

— Dar es Salaam.

— Sasa mnatafuta mawimbi ya nini? Chukua waya mmoja, funga kwenye reli pale stesheni, vuta mpaka hapa. Sauti itakuja yenyewe, imekaa kitako, kama abiria.

Lukumani alijua si kweli. Alijua kabisa. Lakini lilivyosemwa lilipendeza, akajikuta anauliza:

— Na treni ya mizigo ikipita, mzee?

— Mtangazaji atakuwa na sauti nzito. Mvumilie, itapita.

— Lakini hapa reli inagawanyika, alisema Thabit. Moja Kigoma, moja Mwanza. Si tutachanganyikiwa?

— Ndiyo faida ya kukaa Tabora! Ukitaka mpira wa Mwanza, unamwomba mtu wa njia ageuze reli. Hicho ndicho kitufe chako cha kutafutia stesheni. Umeokoa kipuri kizima.

— Kitufe hakitakiwi hata kidogo, Damas alisema kwa ukali. Redio ya mwananchi ina stesheni moja. Ukishaweka kitufe, kesho mtu anasikiliza Bujumbura.

Thabit hakukubali kushindwa. Alinyanyua birika, akaonyesha makaa yaliyokuwa yakiwaka chini yake.

— Treni inakwenda kwa nini? Si kwa moto? Basi redio ya reli iwekwe juu ya jiko. Mnapata mpira na kahawa kwa makaa hayohayo. Babu yangu alikuwa akipata habari za pwani kwa wapagazi wa misafara, na wale walikuwa wakipikiwa ugali tu. Nani alimsikia mpagazi akitaka betri?

— Mpagazi alikuwa na miguu, alisema Mzee Nabhan.

— Basi tuiwekee redio miguu! Damas aliruka. Sanduku lenye miguu!

Walibishana hivyo hadi jua likainama na asali ikapungua kwa ukaguzi. Mwisho, kwa kura ya mikono, ikapita kwamba Lukumani achukue sanduku, spika na waya mrefu, aketi juu ya baiskeli iliyofungwa kwenye jiko, na Mzee Nabhan akazungumze na mtu wa njia. Lukumani aliutazama uamuzi ule moyoni mwake na kuona kwamba Jumamosi Thabit ataondoka na birika lake, na yeye ataketi peke yake juu ya taruma mpaka giza.

Hapo akatokea Mfaume, mshona viatu wa Isevya, mtu mpole, ameshika kofia mkononi.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, alijibu Mzee Nabhan. Umepotea njia? Kwenu kuna redio.

— Ndiyo nimeikimbia. Naombeni kujibanza hapa.

— Umeikimbia redio? Lukumani alishangaa.

— Kaka, kule hatuongei tena. Ukifungua mdomo, watu wote, "Shsss!" Juzi nimesema yule mlinda mlango hana mikono, mtangazaji akasema ameudaka. Nikaishia hapo. Hata salamu tunapeana kwa nyusi. 

Akalitazama kopo la asali.

— Na nyie mnabishania nini?

— Redio, alisema Thabit, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

Mfaume aliwatazama mmoja mmoja, kwa nia njema kabisa.

— Sasa redio ikishaanza kusema, nyie mtasema saa ngapi?

Thabit akamtazama Damas. Damas akafungua mdomo kuhutubia, hotuba haikutoka. Mzee Nabhan alinyanyua kikombe kilichokuwa kitupu, akakinywa. Lukumani aliusikia ukimya ule, akautambua mara moja. Ulikuwa ni ule wa nyumbani kwake.

Thabit ndiye aliyeuvunja. Alimmiminia Mfaume kahawa, akamwambia asogee aketi. Hapakuwa na pa kuketi, nafasi iliyobaki ilikuwa ya kopo la asali.

Jumamosi birika lilikuwa palepale, na watu watatu zaidi wa Isevya walikuja. Waliubishania mpira ambao hakuna aliyeusikia hata dakika moja, wakafunga mabao, wakayakataa, wakamtoa mwamuzi nje, na Lukumani aliambiwa "si kweli" mara nyingi hadi akachoka kucheka. Kopo la asali alikuwa amempelekea fundi seremala Shaban atengeneze benchi la pili. Ila kwa jinsi asali ilivyokuwa imekaguliwa, Shaban alisema inatosha miguu mitatu tu.

— Angalieni, aketi mtu mmoja tu, upande huu, Lukumani aliwaonya akilitua benchi chini.

— Ndugu Spoku, mguu wa nne ni anasa ya kibepari, alisema Damas, akaketi upande usio na mguu.