Verdella Fetterolf, Aliyetuchagulia Maegemeo

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu wa Oktoba, Bi. Verdella Fetterolf atastaafu baada ya kulitumikia duka na uwanja wa shabaha wa Klabu ya Laurel Fork kwa miaka ishirini na tisa. Halmashauri imeniomba mimi, Marvin Snavely, mtunza mbao za shabaha, niandike machache ya kusomwa kabla supu haijagawiwa. Nimekubali, ingawa roho haijatulia. Tangu tangazo litoke, wanachama wamekuwa wakinifuata kibandani mmoja mmoja na swali lile lile: sasa nani atatuchagulia? Ninawajibu kwamba yupo Corinne Moyer, amefundishwa na Verdella mwenyewe, na kazi anaiweza. Wakishaondoka, nabaki nikijiuliza kama wao.

Verdella hakuja kwetu kwa ajili ya bunduki. Alikuwa mshonaji katika kiwanda cha mashati, na kiwanda kilipofungwa alikuja kutupikia supu ya kuku na mahindi kwenye mashindano ya vuli. Siku hiyo mfuko wa mchanga wa mshindani mmoja ulipasuka. Ni ule mfuko mdogo unaokaa juu ya egemeo la mbele, yaani ule mguu mzito wa chuma unaowekwa mezani ili bunduki ilale juu yake badala ya kushikwa mkononi. Mfuko ukivuja, bunduki inalala upande na risasi inakwenda inakotaka. Verdella aliacha mwiko, akaomba sindano nene, akaushona mfuko kama anavyoshona kola ya shati. Haukuvuja tena. Baada ya muda mfupi tukamwajiri kushona mifuko, kisha tukamkabidhi duka, kisha tukampa na kazi ya kusimamia mstari wa kupigia, yeye ndiye mwenye kusema lini watu wapakie na lini waache.

Ni katika msimu wake wa kwanza wa kusimamia mstari ndipo lilipotokea jambo ambalo wazee wa klabu bado hawapendi kulizungumza. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na meza za zege zilikuwa na maji. Mgeni mmoja alikuja na egemeo jepesi la bati, zuri kwa kubeba, baya kwa kila kitu kingine. Alipokuwa akijiweka sawa, miguu ya egemeo iliteleza, mtutu ukainuka, na kidole chake kilikuwa tayari kwenye triga. Risasi ilipita juu ya tuta la udongo la kuzuia risasi na kwenda zake upande wa pili wa kilima, ambako kuna mashamba, na barabara, na watu.

Verdella alisimamisha kila kitu, akaingia kwenye gari lake, akazunguka kilima nyumba kwa nyumba. Sisi tulibaki tumesimama kando ya meza, hakuna aliyefungua hata chupa ya maji. Aliporudi alisema watu wote wapo, na ng'ombe wote wapo, na paa zote ni nzima. Risasi yenyewe haijaonekana hadi leo. Tulishangilia kidogo, tukapeana mikono. Yeye hakushangilia. Alikwenda nyuma ya duka, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mke wa mwenyekiti ndiye aliyemshikia kikombe cha kahawa.

Tangu siku hiyo, kununua egemeo kwa Verdella kukawa shughuli. Mteja aliingia akidhani atachagua kwa rangi, akajikuta anahojiwa. Bunduki yako ina uzito gani? Ubao wake wa mbele ni mpana au mwembamba, bapa au wa mviringo? Unapigia kwenye zege au kwenye meza ya mbao iliyolegea? Nani atalibeba egemeo hili kutoka garini, wewe au mgongo wako? Na la mwisho, ambalo wengi hawakulipenda: hebu nyoosha mikono yako tuione.

Bwana mmoja kutoka Harrisburg alimwambia, "Mama, nimekuja kununua chuma. Sikuja kuungama."

"Basi ungama kidogo tu," Verdella akamjibu, "halafu nikuuzie chuma."

Akamuuzia. Bwana huyo alikuja na bunduki yenye ubao mpana kama kibao cha kukatia mkate, na egemeo alilokuwa amelikazania lisingeimeza hata nusu. Alipowekewa lenye mdomo mpana na mfuko uliojazwa mchanga hadi ukawa mgumu, bunduki ilitulia kama imezaliwa pale. Ameshaleta shemeji zake wote.

Mwingine alitaka lile jepesi kuliko yote kwa sababu goti lake ni bovu. Verdella alikataa katakata, kisha kila Jumamosi akawa anambebea lile zito mwenyewe kutoka garini hadi mezani, huku akilalamika njia nzima. Sisi tulicheka. Wasiwasi huo tuliuita "ugonjwa wa Della." Hata hivyo, kila tulipoona mawingu yanakusanyika juu ya kilima, tulitupa jicho tuone kama amesimama nyuma yetu, na tulipomwona tuliweza kupumua.

Lakini nikiulizwa ni wakati gani nilimjua Verdella Fetterolf vizuri, nitataja mwaka ule wa Elwood Kratzer.

Wengi mnamfahamu Elwood. Majina ya washindi yaliyochongwa ukutani, mengi ni jina lake. Mwaka huo aliingia dukani mapema, theluji ikiwa bado haijayeyuka kwenye maegesho, akasema anataka egemeo jipya, lile la mpini mmoja. Kwa wasioyajua, yapo ya aina mbili kuu. Lipo la skurubu: unazungusha gurudumu kupandisha na kushusha, unazungusha jingine kwenda kulia na kushoto, kisha unaachia na bunduki inabaki ulipoiacha. Na lipo la mpini: mkono mmoja unashika fimbo ndogo na bunduki inafuata kila unakoisukuma, haraka sana. Upepo ukibadilika, mwenye mpini anawahi. Ndiyo maana washindi wote wa siku hizi wanalitumia.

Verdella alimwekea lile la mpini mezani, na bunduki tupu juu yake. Elwood akashika. Mimi nilikuwa nikipanga misumari kwenye rafu, nikaona ncha ya mtutu inacheza. Haikucheza sana, kama mkia wa ndege tu. Elwood alikuwa ameanza kutetemeka majira ya baridi, na hakuwa amemwambia mtu.

"Jaribu hili la skurubu," Verdella akasema.

"Hilo ni la wazee, Della."

"Wewe ni kijana?"

Elwood akacheka. Kisha Verdella akasema lile lililokuwa likimkaba. "Tena egemeo siyo shida yangu kubwa, Elwood. Triga yako ni nyepesi mno. Ukipumua inafyatuka. Kwa mikono hii ya sasa, iondoe uweke nzito."

Kicheko kikaisha. Triga nzito kwa mpiga shabaha wa mezani ni kama kumfunga mawe miguuni mkimbiaji. Elwood alichukua kofia yake.

"Nimepiga hapa kabla wewe hujajua bunduki inashikwa upande gani," akasema, akatoka bila kufunga mlango.

Zikafuata wiki ngumu. Mwenyekiti wetu, Clayton Hostetter, alikuja kumwambia Verdella kwamba klabu haiwezi kumdhalilisha mtu ambaye jina lake limejaa ukutani. "Muuzie anachotaka," alisema. "Ni mtu mzima."

Upande wa pili, binti yake Elwood, Janine, alipiga simu dukani akilia. "Bi. Fetterolf, kwa nini usimwambie aache kabisa? Wewe anakusikiliza. Mimi ananiona mtoto."

"Mama, juzi hakunisikiliza," Verdella akamjibu. "Na kumwambia aache kabisa siwezi. Sijui kama ni kweli kwamba anapaswa kuacha."

Hilo ndilo lililomtesa. Akimzuia mtu ambaye bado anaweza, amemnyang'anya kitu pekee kinachomtoa nyumbani tangu mkewe afariki. Akimruhusu mtu ambaye hawezi tena, upande wa pili wa kilima kuna watu. Alikonda. Alishona mifuko kuliko tuliyoweza kuuza. Kila gari jeusi lililoingia maegeshoni lilimfanya anyanyue kichwa, akidhani ni la Elwood.

Elwood alikuja siku ya mashindano ya kwanza ya msimu, na alikuja na egemeo la mpini, jipya kabisa, alilolinunua kwingine. Alilitua kwenye meza yake ya siku zote, akaweka bunduki, akaketi. Hakumsalimia mtu. Meza zote zilikuwa zimejaa na watu wameketi nyuma kwenye viti vyao vya kukunja. Sisi wa mbao tulikuwa tumesharudi nyuma ya mstari. Kilichobaki ni amri ya Verdella.

Hakuitoa. Alitembea taratibu hadi kwenye meza ya Elwood na kuinama, na kwa kuwa mimi nilikuwa meza ya jirani, nilisikia.

"Bunduki iko tupu?"

"Iko tupu. Tazama."

Akatazama. "Basi nionyeshe risasi moja. Bila risasi. Kama utakavyopiga."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Hawatajua. Watadhani nakuuliza habari za Janine."

Elwood alishika mpini kwa mkono wa kushoto, akaweka jicho kwenye darubini. Mkono wa kulia ulisogea kuelekea kwenye triga. Alikuwa bado anatafuta shabaha, mtutu bado unatangatanga juu ya tuta, wakati pini ya ndani ya bunduki ilipogonga. Ulikuwa mlio mdogo, tik, kama mtu amevunja kijiti.

Elwood aliondoa kidole kwenye triga, jicho likiwa bado kwenye darubini.

"Sikukusudia hiyo," akasema.

"Najua."

"Sikujua hata kama nimegusa."

"Najua, Elwood."

Nilitarajia amwambie akusanye vitu vyake. Badala yake Verdella alijiinua na kutangaza kwamba mashindano yatachelewa kidogo kwa sababu za kiufundi, na watu waende wakapate kahawa. Clayton alimjia na uso mwekundu kuuliza sababu gani za kiufundi. Verdella akamwambia, "Zangu," na akapita. Alirudi kutoka dukani akiwa amekumbatia lile egemeo zito la skurubu, akihema, akalitua mbele ya Elwood.

"Leo hupigi," akamwambia. "Leo unajifunza gurudumu hili, bunduki tupu. Ukibadilisha triga, njoo tena. Ukija na ile ile, nitakuzuia, na safari hiyo nitakuzuia kwa sauti."

Hakuna aliyejua Elwood angefanya nini. Nadhani na Verdella hakujua. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa nguvu. Elwood alilitazama egemeo. Akaligusa gurudumu, akalizungusha, akaondoa mikono yote miwili na kuiweka mapajani. Mtutu ulikaa kimya.

"Linakwenda polepole kama trekta la baba yangu," akasema.

"Baba yako alilima," Verdella akamjibu.

Alikaa pale mashindano yote akizungusha gurudumu, huku wenzake wakipiga kulia na kushoto kwake. Mashindano yaliyofuata alikuja na triga nzito. Mikono yake iligusa bunduki mara chache tu: kuzungusha, kuachia, kungoja mtetemeko upite, kufyatua. Alimaliza karibu na mkia. Alipiga hivyo misimu miwili mizima bila kushinda chochote, na Verdella alisimama nyuma yake kila risasi.

Kisha asubuhi moja ya msimu wa tatu, kabla ya amri, Elwood alichomoa komeo la bunduki yake, kile chuma ambacho bila hicho bunduki haipigi, akageuka na kumwekea Verdella mkononi.

"Leo hapana, Della," alisema. "Nadhani na kesho hapana."

Verdella alilipokea. Aliendelea kutoa amri mpaka mwisho, sauti ile ile. Baada ya hapo nilimkuta nyuma ya duka, juu ya ndoo, akilia, na nilipomuuliza kama ana huzuni alisema hapana, amechoka tu, kwa kuwa ameacha kuogopa na mwili haujazoea.

Elwood yupo nasi leo, safu ya mbele ya viti, pamoja na Janine. Egemeo lile lipo meza ya mwisho, na wanaoanza wote wanafundishiwa juu yake.

Bi. Verdella, tunakushukuru kwa mifuko isiyovuja, kwa supu, kwa kutubebea vyuma na malalamiko yake, na kwa kutukasirisha pale dukani ili tufike nyumbani salama. Tunajua kwamba hata ukihamia kwa dada yako kule Erie, Jumamosi utakuwa umekaa dirishani unajiuliza kama tumefunga mstari sawasawa. Kwa hiyo tumekubaliana na Corinne. Kila mashindano yakiisha, watu wakishaondoka na lango likishafungwa, simu yako italia. Pokea bila hofu. Ni sisi, tunakupigia kukwambia kwamba hakuna kilichotokea. Kapumzike, Della.