Hofu ya Kusoma Kiingereza Ilivyoniachia Ngamiani

Sifa zimrudie Bwana, ndugu zangu! Leo kinywa changu hakiwezi kunyamaza. Mimi ni Nakiete, wengi mnanijua kwenye kwaya. Nimezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge kule Pongwe, ambako baba na mama walishuka kutoka Upareni kutafuta kibarua. Bwana akanisaidia, nikasoma, nikawa muuguzi, na miaka yote hii nimefanya kazi wodi ya wazazi hapa mjini.

Mnaniona nimesimama, lakini nilikuwa nimefungwa. Sikufungwa na pombe, wala na mambo ya waganga. Nilifungwa na hofu ya ukurasa wa Kiingereza. Msicheke, wapendwa, hata hiyo ni minyororo!

Nilipoingia kidato cha kwanza, mwalimu aliniinua nisome mbele ya wenzangu. Nilitoka shule ya msingi ya Kiswahili, nikayatamka maneno kama yalivyoandikwa. Darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku ile, nikikutana na Kiingereza kirefu moyo unadunda, macho yanakimbia juu ya mistari bila kushika kitu. Kuongea niliongea, ripoti za wodini niliandika. Ila kusoma kitu kirefu huku saa inanikimbiza, hapo nilikuwa nakufa.

Kisha akaja mama mmoja kutoka upande wa Horohoro, uchungu umemshika kabla ya wakati. Mtoto alizaliwa mdogo, anaenea kwenye viganja vyangu. Tulifanya kila tulichokijua, na jioni akatutoka. Yule mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Nesi, kuna mahali wangejua la kumfanyia?"

Jibu nilikuwa nalo, kwamba mahali hapo papo, na lilinichoma. Ndipo nikaomba nafasi ya kwenda nje kusomea huduma ya watoto njiti. Nikapata, na mfadhili nikapata, Mungu ni mwema! Sharti likawa moja: nifaulu mtihani wa Kiingereza, sehemu zote.

Nikaenda Dar es Salaam. Kusikiliza nikapita, kuandika nikapita, kuongea nikapita. Kusoma nikaanguka. Nikarudi, nikafunga, nikaomba, nikaenda tena. Nikaanguka vibaya kuliko mwanzo! Kilichonimaliza ni yale maswali wanayokupa sentensi, useme kama ni kweli, si kweli, au mwandishi hakulitaja. Mimi nilikuwa naandika "kweli" kwa mambo ambayo kwenye habari hayamo kabisa. Hofu haikuniacha niangalie mara mbili. Nikaambiwa nina nafasi moja tu iliyobaki, la sivyo ufadhili atapewa mwingine.

Mume wangu Yohana akanionea huruma. "Nakiete, kazi unayo, watoto wako wapo. Mtihani gani huu wa kukuliza kila siku? Achana nao."

Ndugu zangu, nilikaribia kuacha. Nilimwambia Mungu, "Kama hutaki niende, yule mtoto ulinionyesha wa nini?" Kwaya nikawa siji. Mwenyekiti alidhani naumwa.

Sasa sikilizeni Bwana alivyo. Sisi tumepanga Ngamiani, kwenye nyumba ya mama mmoja mjane, Bi Mwanaidi, Mwislamu mcha Mungu. Alianguka uani akavunjika nyonga, na mimi nikitoka kazini nilikuwa namgeuza, namwogesha, nakaa naye mpaka binti yake arudi kutoka sokoni. Alasiri moja nikakaa pale kigodani na karatasi zangu za mazoezi, nasoma midomo ikicheza.

"Wanong'ona nini peke yako, mwanangu?" akauliza. "Hebu soma na mie nisikie."

"Bibi, ni Kiingereza."

"Basi nambie chasema nini. Mie hapa kutwa naangalia dari."

Ilikuwa habari ya nyuki. Nikasoma kipande, nikamwambia, "Wanasema nyuki wamepungua kwa sababu ya dawa za kupulizia mashamba."

"Wamesema hivyo, au wasema wewe?"

Nikarudi kwenye mstari. Mwandishi alisema nyuki wamepungua, na kwamba wakulima wengine wanazishuku dawa. Zaidi ya hapo hakusema. Lile neno "kwa sababu" nililiweka mimi!

Tukaendelea hivyo siku kwa siku. Bi Mwanaidi hakuwa na mtihani, alitaka habari yake tu, na alitaka iliyo sawa. Nikimsomea habari ya nyangumi ananikatiza, "Ati anyonyesha? Soma tena hapo!" Nasoma tena, taratibu, kwa sababu kuna mtu anasubiri kujua. Hakuna anayecheka, hakuna saa. Bila kujijua, macho yangu yakaanza kutulia.

Lakini kilichonifungua, wapendwa, hakikuwa mazoezi peke yake. Siku moja nilichoka, nikaziweka karatasi chini. Nikamwambia, "Bibi, Kiingereza hakinitaki. Hata Mungu ameshanionyesha kwamba hili si langu."

Akaniuliza kwa upole, "Amesema, mwanangu, au wasema wewe?"

Nilitoka, nikaingia chumbani kwangu, nikapiga magoti. Nilitafuta ni wapi Bwana aliniambia mimi ni mjinga. Sikupaona! Ni wapi aliniambia nisiende. Sikupaona! Kicheko cha watoto wa kidato cha kwanza ndicho nilichokibeba miaka yote nikidhani ni neno la Mungu juu yangu. Nililia, lakini kilio kile kilikuwa kinanishusha mzigo. Jumapili iliyofuata nikarudi kwaya.

Nikaenda Dar es Salaam tena. Sitawadanganya, moyo ulidunda. Kompyuta ilipowaka mistari ikaanza kucheza kama zamani. Nikafumba macho, nikasema, "Bwana, kaa hapa." Kisha nikasoma kama ninayemsomea mgonjwa wangu kitandani. Nikaelewa. Palipokuwa hapana jibu, nikathubutu kuandika kwamba halikutajwa.

Nimefaulu, ndugu zangu! Yohana aliyaona matokeo kwanza, akanikumbatia. Bi Mwanaidi, ambaye sasa anatembea na gongo lake, alisema alhamdulillahi, akauliza, "Na mie sasa atanisomea nani?"

Naondoka mwezi ujao. Niombeeni, nami nitarudi, maana wodi yetu inanisubiri. Na wewe uliyekaa hapo na hukumu moyoni ambayo Bwana hajaitoa, mwamini yeye, mpelekee leo hii. Kama ni hofu ya kitabu, kila Jumapili hadi nitakapoondoka, baada ya ibada nitakuwa kwenye mabenchi ya kwaya. Njoo hata kama hujui pa kuanzia. Tutaomba kwanza, halafu tutasoma pamoja, polepole.