Jina Langu Ndani ya Faili

Mheshimiwa Afisa wa Ushirika, Mchungaji Masinde, wanakamati wenzangu, akina mama wa omena, dagaa wetu wa ziwani, mliofika kutoka ufuo wa Dunga kabla yetu sisi wenye magari ya Milimani, ndugu wageni waalikwa: hamjambo?

Mimi Joram Opondo, mwenyekiti wa ushirika wetu huu wa wavuvi, nimepewa dakika tano kumuaga karani wetu, Mama Rachael Ajwang, anayestaafu leo baada ya miaka ishirini na saba. Ameniomba nisimsifu. Nimekubali. Nitajisema mimi mwenyewe.

Mnakumbuka alivyojifungia ofisini Nyamasaria miezi mitatu, akihamisha faili zetu zote za kompyuta kutoka ile programu ya zamani hadi muundo mpya? Nilisimama mlangoni nikamuuliza, "Mama Ajwang, aina ya faili ndiyo itatuvulia samaki, hao mbuta wakubwa?"

Akajibu bila kugeuka, "Mzee, wenye hiyo programu walishafunga duka. Muundo huu mpya ni wa kiwango cha kimataifa. Kanuni zake zimechapishwa wazi, programu yoyote inaweza kuusoma."

Nilicheka. Nani kati yenu asingecheka?

Sasa Mchungaji azibe masikio kidogo.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa tupitishe katiba yetu mpya. Kifungu cha tisa kilisema uwanja wa kuanika omena ni wa "wanachama wote". Asubuhi ya mkutano, Ajwang akiwa ametoka, nilichukua flashi yenye katiba, nikaichomeka kwenye laptop yangu, nikafuta "wote", nikaandika "wenye mashua". Maneno mawili tu! Akina mama, ni wangapi kati yenu mna mashua? Ndiyo hivyo. Sisi wenye mashua tulitaka pahali pa kuweka injini zetu.

Zikatokea alama nyekundu za kuonyesha marekebisho. Nikazificha, nikidhani nimezifuta. Mara nikasikia viatu vya Ajwang kwenye ngazi, nikachomoa flashi kabla haijamaliza kuhifadhi. Faili ikakataa kufunguka. Nikasema ni virusi, tena kwa uchungu mwingi, hata Bwana Odongo, makamu wangu, akanipa pole.

Ajwang hakunipa pole. Alitengeneza nakala ya ile faili, akabadilisha herufi za mwisho za jina la faili, akaifungua kama kifurushi, kwa zile kanuni za wazi nilizozicheka. Waheshimiwa, kumbe faili ya maandishi si karatasi moja! Ndani mna faili ndogo ndogo: moja ya maneno, moja ya mitindo ya herufi, nyingine za picha. Picha ya nembo yetu ndiyo iliyoharibika. Maneno yalikuwa mazima, na katikati yake mlikuwa na kumbukumbu ya kila rekebisho: kilichofutwa, kilichoongezwa, saa, na aliyefanya hivyo.

"Mzee," akaniambia polepole, "jina lako limo mara mbili. Hapa unafuta, hapa unaandika. Saa tatu na dakika kumi."

"Huenda ni Opondo mwingine," nikasema.

"Joram?"

Akachapisha ukurasa ule, akauweka mezani kwangu, akaenda kunywa chai. Nilibaki nao peke yangu. Nilitafuta uongo mwingine, na ninyi mnajua mimi si mvivu wa kutafuta, lakini sikupata.

Saa nane mkutano ulipoanza, nilisimama nikawaambia virusi ni mimi. Wengi mlicheka. Mama Anyango hakucheka, na hadi leo haniuzii omena. Kifungu cha tisa kikapita na "wanachama wote", na katika uwanja ule mnaanika mpaka sasa.

Wiki jana nilimuuliza Ajwang, "Siku ile, kwa nini hukunisema mbele ya watu?"

Akasema, "Nilikuwa na nakala mia moja na ishirini za ukurasa ule kwenye mkoba, Mzee. Nilikupa hadi saa nane."

Mama Ajwang, ushirika huu unakushukuru, na mimi nakushukuru zaidi kwa mkoba uliokaa umefungwa. Kapumzike vyema nyumbani. Nanyi nyote mliovumilia kunisikiliza mpaka mwisho bila kuinuka, asanteni sana.