Kitanda cha Mukungugu

Basi la Siakago lilikuwa ndio kwanza linatoka Embu Wamuyu, aliyeketi kiti cha nyuma yao, alipotega sikio. Mama wa kiti cha mbele alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye jinsi kifua kilivyomsumbua mumewe, mpaka wakatupa godoro la sponji, wakakwangua rangi ukutani na kumtengenezea kitanda cha zamani: nguzo nne za mukungugu zilizochimbiwa kwenye sakafu ya udongo, fito juu yake, na nyasi kavu.

“Na akapona?” mzee akauliza.

“Anapumua kama mtoto. Lakini nguzo za upande wake zimechipua.”

Wamuyu nusura acheke. Mukungugu ni mti wa kuzungushia boma, hata ukiuchomeka kichwa chini utachipua.

“Si ukate tu, mama.”

“Nilikata tawi moja Jumapili. Akaanza kukohoa kabla sijaweka panga chini.”

“Basi usikate.”

“Nisipokata, mume wangu hainuki kitandani. Chakula amekataa. Anataka maji tu, na si ya kunywa. Anasema nimmwagie miguuni.”

Basi likasimama. Mama akashuka na panga jipya mkono mmoja, jerikeni mpya mkono wa pili, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ataanza na kipi.