Waya wa Boti Niliufunga Mimi

Kaeni chini, wanangu, mzime hiyo redio, mnisikilize mara moja kwa sababu sina pumzi ya kurudia. Kevin, kifungua mimba wangu, keti hapa miguuni. Wilkista, acha kulia kwanza, kilio kina siku yake. Na wewe Bramwel, mtoto wa marehemu dada yangu, usisimame mlangoni kama mgeni. Miaka tisa hujakanyaga hapa kijijini Kwanza, na nimekuita kutoka Malakisi kwa ajili yako zaidi kuliko ya hawa.

Shamba halina maneno. Ekari sita za hapa, Kevin na Wilkista mgawane sawa, na mtu asiniletee habari ya ati msichana ameolewa. Lile shamba la Kabuchai ni la Bramwel. Neno lililobaki ni la boti.

Mnajua niliinunua kwa sababu ya bwawa hili, maana kulizunguka hadi lami ni saa nzima, kulivuka ni dakika kumi, na maziwa hayangoji. Nikaijengea lifti ukingoni: nguzo nne za mkaratusi, paa la mabati, winchi ya lori kuukuu niliyoipata kwa mafundi wa Kitale, na nyaya mbili za kuiinua isiozee majini. Watu walinicheka, ati Wekoye amejengea boti nyumba kabla ya kumjengea mke jikoni. Walicheka, lakini si walivuka?

Sasa mwaka ule mvua ilikataa kuisha wakati wa kuvuna. Stoo ilijaa, mahindi yakaanza kuota kwenye magunia, na mkulima wa huku akiona paa kavu haoni boti tena, anaona mahali pa kukaushia mahindi. Nikamwaga ndani ya boti magunia kumi na mawili, yakaning'inia humo wiki tatu, nami nikajiona mjanja kuliko panya wote wa Trans-Nzoia. Nilipoyatoa nikaona waya wa nyuma umekatika nyuzi karibu nusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa niliuziba kwa kipande cha seng'enge, nikaenda matanga Kabuchai wiki mbili, nikaiacha boti juu bila mwangalizi. Sikumwambia mtu. Ufunguo wa winchi nilimwachia Bramwel.

Waya ulikatika mchana, mvua ikinyesha, na jirani yetu Kiplimo alikuwa amejikinga chini ya paa lile. Boti ikamwangukia. Mguu wake mnaujua.

Niliporudi watu walikuwa wameshahukumu: mwenye ufunguo ni Bramwel, basi Bramwel alichezea winchi. Ulikana, mwanangu, ukaniangalia ukingoja nikutetee. Kile kipande cha seng'enge nilikiona kwenye matope kabla ya mtu mwingine, nikakitia mfukoni, kisha nikasema mbele ya wazee kwamba kijana huyu hasikii. Ukaondoka na begi moja. Nimeona aibu kila siku tangu hapo, na kila siku nikasema kesho. Naye Kiplimo, na fimbo yake, huja hapa kila Jumapili na maziwa lala, ananiombea nipone.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Sitaki jambo hili lizuke siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, watu wamekaa wanauliza marehemu ameacha nini. Kevin, nenda umlete Kiplimo leo. Akinikuta nimekwenda, yaseme haya haya mbele ya jeneza, mchungaji akisikia, na usiyapunguze ili kunisitiri. Yule ng'ombe mweusi mwenye mimba ni wake. Ng'ombe halipi mguu, najua.

Boti fundi aliitengeneza, ichukueni. Mkiiacha juu bila mtu, toeni kizibo cha chini maji yasituame, kagueni nyaya kwa mkono wala si kwa macho, fungeni mnyororo kwenye nguzo, na mtu asipite chini yake. Ndani msiweke hata debe moja la mahindi.

Nimechoka... Kwetu mzee hubariki kwa kutema mate kidogo kifuani, na kinywa changu kimekauka. Hapana, Wilkista, weka kikombe chini. Mwachie Bramwel. Mwanangu, baraka ya aliyekukosea halazimishwi mtu. Ukininywesha, nitakubariki. Ukikataa ni haki yako, na hawa wasikuulize kitu.

Ndiyo, Bramwel... polepole. Niinue kichwa.

Asante, baba. Sogea, fungua shati. Mungu akupe nyumba ambayo... neno lako linaaminiwa. Na nyinyi wote, mkae pamoja, msi... msinyamaze kama mimi.

Kevin, mbona bado umekaa? Nimesema Kiplimo aitwe.