Hakuna Anayemaliza Supu

Kila kijiwe kina wenyewe. Kijiwe cha kioski cha Roswitha, pale tramu inapokunja kona kuelekea lilikokuwa shimo la makaa ya mawe, kina wenyewe watatu na nusu. Nusu ni Roswitha, maana mwili wake uko ndani ya kioski na kichwa chake kiko nje dirishani kutwa nzima. Wa kwanza ni Redio, fundi bomba mstaafu ambaye hajapatikana mtu wa kumzima. Wa pili ni Balozi, jina lake Cemal, aliyetoka Uturuki kijana mbichi kuja Ujerumani kuchimba makaa, akabaki, na sasa ndiye msuluhishi wa kila ugomvi wa bustani za kukodi za chama cha mtaa, kuanzia urefu wa ua mpaka mbwa wa nani. Wa tatu ni mzee Alfons Piontek, mfugaji wa njiwa wa mashindano, na mtaa mzima humwita Njiwa. Jumamosi hiyo, saa tisa alasiri, Njiwa alifika kijiweni amevaa suti.

— Nani kafa? Redio akauliza.

— Hajafa mtu. Nguo nyingine ziko kwenye maji.

— Suti hiyo naijua, Balozi akasema. Aliivaa harusini kwangu. Bado inamtosha, ila vifungo ndivyo vimekataa.

Njiwa akaketi, akalipa dirisha mgongo. Kwenye kioo palibandikwa tangazo lenye picha ya mwanamke mwenye nywele fupi za mvi: Anke Sobottka, mwandishi wa riwaya na filamu, leo saa kumi maktabani, atasoma kitabu chake kipya. Chini, kwa herufi nene, jina la kitabu: Mchelewaji. Njiwa alilisoma neno hilo Jumatatu, na tangu siku hiyo usingizi umemkimbia. Kwa watu wengine ni neno tu. Kwa mfugaji, mchelewaji ni njiwa anayefika nyumbani wenzake wameshakula.

Roswitha akashusha vikombe kutoka kwenye misumari, akamimina kahawa, akasogeza skonzi zilizopakwa nyama mbichi na vitunguu.

— Mnamkumbuka lakini? akasema. Kazi zake za shule alifanyia hapo hapo mlipokalia. Mama yangu, enzi kioski chake, alikuwa akimpa karatasi za kufungia mikate, naye anaandika kila mnachobwabwaja. Kile kikombe chake cha sungura kiko kabatini mpaka leo.

— Ndiyo maana askari wake kwenye filamu wanaongea kama mimi, Redio akasema, kifua mbele.

— Ndiyo maana kesi ndogo ya wizi inachukua dakika tisini, Balozi akajibu.

— Cheka tu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndiyo maana akaenda Munich kusomea filamu.

— Methali hiyo ni tusi, mzee. Mama yake alimfunza vizuri.

— Basi haraka haraka haina baraka. Kaandika vitabu vinne, taratibu.

— Usiseme hayo mbele ya Njiwa. Mtu anaishi kwa mashindano ya mbio, unamwambia haraka haina baraka.

Njiwa hakucheka. Redio akamtazama, akaona bora abadilishe mada, na kwa Redio kubadilisha mada ni kupandisha sauti.

— Sikilizeni. Majira haya ya baridi nimesoma vitabu vyote vinne, nikaangalia na filamu zote sita. Nimegundua kitu ambacho hata magazeti hayajakiona. Hakuna anayemaliza supu.

— Supu gani tena?

— Supu yoyote. Kitabu cha kwanza, inspekta anapelekewa supu, anaimwaga kwenye maua. Cha pili, bibi harusi anasukuma bakuli, anaondoka zake. Kwenye filamu ile iliyopata tuzo, jambazi ana njaa siku tatu, anatazama supu, analia, anaenda kujisalimisha polisi. Mara kumi, ndugu zangu. Mara kumi.

— Ana tumbo bovu, Roswitha akasema. Hata mie supu ya dengu siiwezi.

— Tumbo bovu haliandiki vitabu vinne, Balozi akasema. Hiyo ni siasa. Bakuli ni nchi. Anatuambia tumechanganya vitu vingi bila kukoroga.

— We Balozi, kila kitu kwako ni mkutano wa chama. Mimi nasema kalipwa na wenye viwanda vya mikate.

Hapo akafika mwanamke wa makamo mwenye mwavuli na begi la safari, akaomba skonzi moja na kuelekezwa maktaba. Roswitha akamwonyesha ng'ambo ya reli, jengo lenye saa. Kulikuwa bado na dakika ishirini, basi mwanamke akasimama pembeni kula, na Redio, akiona amepata msikilizaji mpya, akavuka mipaka.

— Au niseme ukweli wenyewe? Kuna mtu wa mtaa huu alimtilia yule mtoto sumu. Kwenye supu. Na leo, kitabu cha tano, anamtaja kwa jina. Mimi nakaa safu ya mbele.

— Haikuwa sumu, Njiwa akasema. Ilikuwa supu nzuri.

Wote wakageuka. Tramu moja ikapita mbele yao.

— Njiwa, ndugu yangu, Balozi akasema taratibu. Supu gani?

Njiwa akakizungusha kikombe mikononi. Alikuwa amelibeba jambo hili miaka arobaini na mmoja, mkewe akazikwa bila kuambiwa, na sasa lilimtoka mbele ya Redio, ambaye kumwambia yeye ni sawa na kulitangaza kanisani.

— Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kila siku anakuja bandani kwangu, anafagia, anabadilisha maji. Nikamwambia, mchague mmoja umtunze. Akachagua yule wa kijivu, mwenye pete mguuni, namba mia nne kumi na saba. Mnyonge kupita wote. Nilimwambia usimchukue huyo. Akasema huyo huyo.

— Kumbe alikuwa mchelewaji, Roswitha akasema.

— Mara tatu. Tunawatuma mbali, wenzake wanarudi mchana, yeye anaingia jioni anatembea kwa miguu kwenye paa kama mtu aliyetoka kilabuni. Mnajua taratibu za wafugaji. Anayechelewa mara tatu anaingia sufuriani.

— Ndivyo ilivyokuwa, Balozi akasema.

— Halafu mtoto akashikwa na homa ya mapafu. Baba yake yuko shimoni, mama yake yuko kazini. Na mtaani kwetu mtu akiugua, nani anapeleka supu? Mwenye njiwa. Nilikwenda bandani, nikatafuta asiye na faida. Wallahi, sikufikiri. Mkono ulimchukua yule wa kijivu kwa mazoea.

Balozi alikishusha kikombe. Neno lile la kiapo Njiwa alilichukua kwake, enzi wakichimba pamoja, na humtoka pale tu anapotaka kuaminiwa.

— Akainywa? Roswitha akauliza, sauti chini.

— Mabakuli mawili. Akaniomba la tatu. Nikafurahi, nikarudi nyumbani napiga mluzi. Wiki ya pili akapona, akakimbilia bandani. Akatazama ile nafasi yake, tupu. Akanitazama mimi. Hakulia. Alisema, asante kwa supu, mjomba. Akaenda zake, hakurudi tena bandani mpaka alipohama mji. Kila akitoa kitabu nanunua. Nafungua, naitafuta supu, naikuta pale pale, haijanywewa. Leo nimevaa nikamwombe radhi, halafu miguu imekataa kuvuka reli.

Redio alikohoa.

— Mimi ile ya sumu nilikuwa natania tu.

— Najua.

— Kamwambie ulimtibu, Redio akaongeza. Mtoto alipona.

— Usimwambie hivyo hata kidogo, Roswitha akasema.

— Kamwambie ndiyo taratibu, Balozi akasema. Shimo lilikuwa na taratibu zake, banda lina zake. Kila mfugaji angefanya hivyo.

— Hilo ndilo nililojiambia miaka yote, Njiwa akajibu. Halijanisaidia.

Mwanamke mwenye mwavuli alikuwa ameacha kula zamani. Akafuta vidole kwa karatasi ya skonzi.

— Samahani, wazee wangu, mimi si wa hapa. Huyo njiwa aliitwa nani?

— Mia nne kumi na saba, Njiwa akasema.

— Hiyo ni namba ya pete.

— Sisi hatuwapi majina, dada. Ukishampa jina huwezi kumpika.

— Nyinyi ndiyo. Mtoto je, alimwitaje?

Njiwa akakiweka kikombe chini. Alimwona akilini mtoto yule akinong'ona kwenye manyoya ya kijivu kila alasiri, mdomo umegusa kabisa bawa. Alikuwa akinong'ona kitu. Ndoo moja ya maji kati yao, na yeye hakuwahi kumwuliza.

— Roswitha, niongeze, akasema.

Roswitha akainamisha chupa. Tone moja likatoka, likafuatiwa na hewa.

— Imekwisha.

Njiwa akainuka. Akajaribu vifungo vya suti, vikakataa, akaviacha. Saa ya maktaba ilikuwa imeshagonga kumi, na yule mwanamke alikuwa amekwisha vuka na begi lake.

— Wameshaanza, Balozi akasema. Unaingia umechelewa, kila mtu atageuka.

— Wageuke.

— Utamwambia nini?

— Simwambii kitu. Nakwenda kuuliza jina.

Akapiga hatua mbili, akarudi dirishani.

— Kile kikombe cha sungura, kina ufa?

— Hakina, mzee. Kina vumbi tu.

Njiwa akaitikia kwa kichwa, akatazama kushoto na kulia kama walivyofundishwa watoto wa mtaa ule, akavuka reli. Nyuma yake, ndani ya kioski, alisikia Roswitha akifungua kabati, kisha bomba la maji.